Kura ya Mama Anayoijua Beatrice

Nimekabidhi funguo za ukumbi, na ninyi wenzangu vijana mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Nadhani mlitaka ushauri. Ushauri umo kwenye kijitabu cha tume ya uchaguzi, kwa Kiingereza na kwa Kizulu, na kila mmoja wenu amepewa nakala, someni. Mimi nitaandika yale ambayo kijitabu hakina. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nusu yenu wazazi wenu ni watu wa Bukavu na Kigoma, na kwa kuwa ndiyo lugha niliyoikuta kinywani mwa mama yangu. Tena naandika nikiwa na wivu. Nalisema hilo mapema, asije mtu akajisifu kwamba amelivumbua mwenyewe.

Riziki yangu ilikuwa ukarani wa shule ya msingi hapa Chatsworth, pembeni mwa Durban. Cheo na mshahara sitavieleza, maana havikumvutia mtu hata nilipokuwa navyo. Ila ukumbi wa shule ile ndio uliokuwa kituo cha kura cha mtaa wetu, na mwenye funguo nilikuwa mimi, kwa hiyo kila uchaguzi ulipokuja ulinikuta mlangoni. Nilianza kama mpakaji wino vidoleni, nikamaliza kama msimamizi wa kituo. Mtasema hiyo ni kazi ya siku chache tu, kisha mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ni kweli. Lakini mkiniuliza nimefanya kazi gani hapa duniani, nitawatajia hiyo.

Wazee wetu waliletwa Chatsworth kwa malori kutoka kule Bluff, wakati serikali ya zamani ilipokuwa ikiamua nani akae wapi. Ilituita Wazanzibari, kisha ikatuandika "Waasia Wengine", kwa sababu haikuwa na kapu jingine la kututia. Baadaye ikaanzisha baraza la Wahindi na kututaka tupige kura humo. Mgombea alipita mtaani na gari lenye kipaza sauti. Mama yangu alikuwa akikanda unga. Akanituma nikafunge dirisha. "Acha wapige kelele mpaka wachoke," alisema. "Siku wakinipa kura nzima nitaenda. Kipande sitaki." Kwa hiyo nyumbani kwetu, historia yote ya uchaguzi kabla ya uhuru ni hiyo ya dirisha kufungwa.

Siku ya kura nzima ilipofika, Mama alivaa nguo za Idd. Foleni ilizunguka kiwanja cha mpira, ikatokea barabarani hadi kwenye robot, zile taa za magari, na hakuna aliyenung'unika, jambo ambalo sijaliona tena. Msimamizi wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwembamba aliyevaa tai hata katika joto la Durban. Alikuja na mfuko wake mwenyewe: utepe wa gundi, kamba, chaki, kiberiti, karatasi za chooni. Wakubwa walikuwa wametuletea masanduku ya kura ya kukunja, bila chochote cha kuyashikiza yasilale. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kwamba penseli ya kibandani hufungwa kwa kamba fupi, la sivyo ikifika mchana zote zimo mifukoni mwa wananchi. Alinifundisha kugonga muhuri nyuma ya karatasi kabla ya kumtazama mpiga kura usoni, kwa kuwa karatasi isiyo na muhuri haihesabiwi, na nyuso za watu humsahaulisha mtu kazi. Kisha akatuapisha, mikono juu, kwamba tutakachokijua cha kura ya mtu tutakwenda nacho kaburini.

Mama alipofika mezani kwangu nilimpaka wino kwenye kidole gumba cha kushoto. Nilichovya mwingi mno, ukamchuruzika hadi kiganjani. Hakukasirika. Aliingia kibandani, akakaa humo muda mrefu, akatoka amenyooka kama bibi harusi. Jioni nilimuuliza amempa nani. Akaniuliza kama nimekula.

Kesi ngumu za miaka ile hazikuwa za wizi wa kura. Zilikuwa za biriani. Kila chama huweka meza yake nje ya lango, chini ya mwavuli, na nyuma ya meza kuna chungu. Mtu akishapiga kura hupita mezani, husalimia, hupewa sahani. Sheria inakataza kampeni ndani ya mpaka wa kituo, na mwaka mmoja chama kimoja kikaleta malalamiko rasmi kwamba harufu ya nyama ya mbuzi ya wapinzani wao imevuka mpaka. Walisimama mbele yetu watu wazima, wamekunja sura, wanataka uamuzi. Mwalimu mkuu alitoka nje, akanusa, akasema harufu haijajiandikisha kwenye chama chochote, lakini kifuniko kirudishwe. Sisi watumishi wa kituo alitukataza kabisa kuonja chungu cha mtu, tukaja na mikate yetu. Amri hiyo niliishika hadi nilipostaafu. Mwaka huu nilionja kwa mara ya kwanza. Chumvi nyingi.

Diwani wetu wa kwanza alikuwa muuza mapazia. Mtaa mzima tulimwita Mapazia na mwenyewe aliitika. Kila uchaguzi alishinda, na waliomshangaa ni wale ambao hawajui siasa za kata. Yule mtu alikuwa ameingia kila nyumba na futi yake mkononi. Alijua dirisha la nani limepasuka na sebule ya nani imeongezwa bila kibali. Wapinzani wakihutubia juu ya maji na takataka, yeye alimuuliza mama mwenye nyumba kama ile fimbo ya pazia la jikoni bado inashika. Mama yangu alikuwa na mapazia yake sebuleni, ya rangi ya zambarau, na hakuruhusu mtu ayaseme vibaya.

Kisha wakubwa wakachora mpaka wa kata upya. Mitaa iliyompenda Mapazia ikapewa kata jirani, nasi tukapewa vibanda vya mteremkoni karibu na mto, pamoja na maghorofa ambayo wapangaji wake hutundika shuka dirishani. Mapazia akashindwa na nesi wa zahanati, mwanamke wa sauti kubwa ambaye kila mtu alimwita Sista. Mapazia hakuamini. Alikuja kituoni, ambako sasa msimamizi nilikuwa mimi, akaniuliza kama masanduku yalimwagwa mpaka mwisho. Nilimwonyesha ndani ya sanduku. Alitazama kwa muda, akanishukuru, akaondoka.

Mwaka huohuo wa mpaka mpya ndipo nilipoletewa Beatrice. Alikuwa ametoka Bukavu kama mkimbizi, akapanga foleni za makaratasi miaka na miaka, hatimaye akapata uraia. Alikuwa msusi katika saluni moja ya Isipingo, karibu na stendi ya teksi, hizi daladala zetu. Nilimfundisha kila kitu mwenyewe. Nilimfundisha muhuri, kamba ya penseli, namna ya kumtoa mlevi nje bila kumgusa. Nilimwapisha mimi, mkono juu, kwa maneno yaleyale ya mwalimu mkuu. Nikamweka kwenye meza ya wino kwa sababu ni kazi ambayo hakuna wa kuiharibu, na hakuna wa kupata sifa kwayo. Hapo nilikosea hesabu.

Beatrice alipaka wino kama anavyopaka rangi ya kucha. Alimshika mtu kidole, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kalamu mara moja, mstari umenyooka, ngozi safi. Kufika saa nne wanawake wote walikuwa wamejipanga mezani kwake, na meza nyingine mbili za wino zinapiga miayo.

"Beatrice," nilimwambia, "hapa si saluni."

"Sharp, Mama Zubeda," akaitikia bila kuinua kichwa. "Lakini hii wino ni ya siku mingi. Mutu ataiangalia kila asubui. Juu ya nini tumupake mubaya?"

Kweli ilikuwa upande wake, na hilo liliniuma zaidi. Toka siku ile, kila uchaguzi, watu waliingia ukumbini kwangu, wakapita mbele yangu na beji yangu kifuani, wakauliza, "Yule dada wa wino yuko wapi?" Nilizaliwa mtaa huu. Nimewaandikisha watoto wao darasa la kwanza. Najua majina ya bibi zao. Yule dada wa wino alikuja juzi, anasema "iko" kila mahali, na ndiye waliyemtaka.

Siku moja kabla ya uchaguzi huwa tunakwenda majumbani kwa wagonjwa na wazee wasioweza kutembea, tunawapelekea karatasi na bahasha. Nayo nilidhani ni uwanja wangu. Mzee mmoja wa ghorofani nilimweleza utaratibu wote, polepole, kwa heshima, hadi koo likanikauka. Alisubiri nimalize, kisha akauliza kama Beatrice amebaki kwenye gari.

Lakini hao walikuwa watu wa nje. Kilichonichoma ni cha nyumbani. Beatrice alizoea kunipitia tuende pamoja kwenye semina za tume, na nikiwa bado natafuta miwani yeye hukaa na Mama. Kiswahili cha Mama kilikuwa cha bibi zake, kimechanganyika na Kimakua. Cha Beatrice kimejaa Kifaransa. Nusu ya maneno hawakuelewana na hawakujali. Mmoja Mwislamu, mwingine mwimba kwaya, wanasimuliana mambo ya waume zao waliokufa. Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Mama amesukwa nywele, mistari myembamba, kichwa kimenawiri. Mama yangu, ambaye mimi nikimkaribia na kitana alisema kichwa kinamuuma! Nilimwambia amependeza. Nikaenda kupanga viazi kwa hasira.

Sasa nifike kwenye uchaguzi mdogo. Sista alikikimbia chama chake akaingia kingine, kiti kikawa wazi, kata yetu ikarudi kwenye kura peke yake. Wagombea wenye uzito walikuwa watatu. Sista mwenyewe, aliyeutibu mguu wa Mama mpaka ukapona. Mtoto wa Mapazia, mwenye futi ileile ya baba yake. Na kijana wetu wa Kizanzibari, mgombea binafsi, mjukuu wa mwanamke aliyeletwa pamoja na Mama kwenye lori moja kutoka Bluff; huyu alipata jina wakati wa mafuriko, alipogawa maji ya matangi mtaa kwa mtaa bila ugomvi. Wote watatu walikuwa na haki ya kumdai Mama kura. Nilitamani sana kujua atampa nani. Tangu siku ile aliyoniuliza kama nimekula, sijawahi kuacha kutamani.

Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika Mama macho yote mawili na miguu ilikuwa imekataa. Akaomba apigie kura nyumbani. Asiyeona huruhusiwa kumchagua mtu wa kumwekea alama kwenye karatasi. Nilijipanga mimi mwenyewe na Beatrice kwenda nyumba ile. Nilivaa mtandio mpya. Mawakala wa vyama walitufuata, lakini mbwa wa jirani yetu aliwashinda wakabaki kwenye gari. Sheria inawaruhusu kuwepo, haiwalazimishi kung'atwa.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya shuka.

"Nani hao?"

"Ni mimi, Mama. Na Beatrice."

"Wewe umekuja kama nani?"

"Kama msimamizi wa kituo," nikasema, na nilisikia nilivyojivuna.

"Haya, msimamizi, sikia. Nataka Beatrice aniandikie."

Beatrice alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Mama.

"Mama, mwanao nipo hapa."

"Najua upo. Ndiyo maana. Nenda jikoni, mwanangu, ufunge na mlango."

Nilikwenda jikoni. Msimamizi wa kituo mzima, na beji, ndani ya nyumba niliyozaliwa, nikasimama kwenye sinki. Nilisikia Beatrice akisoma majina kwa sauti ya chini, moja moja. Mama akasema kitu kifupi. Karatasi ikakwaruzwa, labda ni penseli. Kisha wakacheka. Si kucheka kwa adabu. Walicheka wote wawili mpaka Mama akakohoa, akavuta pumzi, akaanza upya. Kicheko kile sikuwa nimekisikia toka baba yangu alipofariki. Nilichukua kikombe kisafi nikakiosha. Nilimchukia Beatrice wakati ule, nawaambieni wazi, kwa moyo wangu wote.

Alitoka na bahasha imefungwa, anafuta machozi kwa kiganja. Ndani ya gari sikumuuliza neno. Uchaguzi ulikwenda salama na Sista akakirudia kiti chake. Mama alifariki kabla ya uchaguzi uliofuata. Msibani Beatrice aliketi upande wa wanawake, na mtandio wake alifungwa na shangazi yangu mwenyewe, kwa mapenzi, kama anayemfunga binti wa nyumba.

Nilipokaribia kustaafu, afisa wa tume alinipigia simu aulize nani akae kiti changu. Alisema ofisi itafuata neno langu. Wa kufaa walikuwa wawili. Mmoja mwalimu wa hesabu, kijana makini ambaye hakuna mpiga kura hata mmoja anayemwulizia, sifa ambayo mimi nilikuwa nimeanza kuithamini. Mwingine Beatrice. Nilijua Beatrice anakitaka kiti kile kuliko kitu chochote toka alipopata kitambulisho chake cha uraia. Nilimwomba afisa anipe muda hadi Jumatatu, nikapanda teksi kwenda Isipingo.

Nilimkuta anasuka kichwa cha mteja. Saluni imejaa, muziki juu, nje makondakta wanaita Durban, Durban.

"Mama Zubeda! Kuya, ikala."

Sikukaa. "Niambie alimpa nani."

Hakuuliza ninamsema nani. Alimwomba mteja akajiangalie kwenye kioo cha nyuma, kisha akaja karibu.

"Hapana, Mama."

"Amekufa, Beatrice. Uchaguzi wenyewe umepita. Nani ataumia?"

"Hakuna mutu ataumia. Lakini nilinyanyula mukono mbele yako. Ulisema mupaka kaburi. Ni kaburi yangu, Mama, haiko yake."

Sikumtajia kiti. Hapakuwa na haja. Mtaani kwetu hakuna siri, isipokuwa hiyo moja. Alikuwa anajua kila kitu, na suala la kiti akalileta mwenyewe.

"Nikikuambia, utanipa ile kiti?"

"Ukiniambia, siwezi kukupa."

"Na nikikataa?"

"Nitakasirika."

"Eish, Mama." Alichukua kitana chake. "Basi kasirika."

Alikuwa amepatia, na nilijua amepatia, na kama angekuwa mwanafunzi wangu mwingine yeyote ningempigia makofi. Lakini miguu yangu haikutaka kuondoka. Nilijisikia nikimwomba, mimi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu aliye chini yangu kazini.

"Basi hiyo iache. Niambie tu mlicheka nini."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alinishika mkono. Aliuinamia kama anayetafuta pa kuanzia kupaka, na nikadhani atasema.

"Hata ile siwezi. Nikikuambia tulicheka nini, utajua."

"Hata kicheko, Beatrice?"

"Iko ndani ya kura, Mama."

Mteja akaita. Akaenda.

Jumatatu nilimpigia afisa nikataja jina la Beatrice. Nilitaja haraka kabla sijageuza nia, na afisa hakusikia vizuri, ikabidi nilirudie pole pole, herufi kwa herufi. Msidhani nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Nilifanya kwa sababu kituo kile nakipenda, na hakuna mwingine ninayeweza kumwachia.

Sasa ndiye anayewaapisha ninyi. Msikilizeni, anaijua kazi. Mimi niliapisha watu wengi katika maisha yangu, na wengi walikisahau kiapo kabla ya kufika nyumbani. Mlevi mmoja wa mtaani angeweza kuwatoa habari zote kwa soda. Ningempata mmoja wa hao chumbani kwa Mama siku ile, leo ningejua. Nilimpata yule niliyemfundisha vizuri.